Vumbi la Lamu na feni ya laptopu: fungua kwanza, ndipo upulize

Laptopu nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Langoni kwa malalamiko ya "inachemka halafu inajizima" huwa zimeshapulizwa na wenyewe. Mwingine ametumia mdomo, mwingine ameipeleka kwa fundi wa injini za boti akaisukumia upepo wa kompresa kupitia matundu ya chini. Kisha ananiambia, "Fundi, vumbi nimelitoa lote, lakini joto ni lile lile." Nikiifungua nalikuta vumbi lake pale pale, tena limeshindiliwa.

Ili uelewe kwa nini, fuata njia ya hewa. Feni ya laptopu hunyonya hewa kutoka chini ya mashine, kupitia matundu ya kifuniko, na kuisukuma pembeni au nyuma. Kabla ya kutoka nje, hewa hiyo hupita kwenye rejeta ndogo ya shaba au alumini, ambayo kazi yake ni ile ile ya rejeta ya gari. Bomba bapa la shaba hutoa joto kwenye prosesa, ile chipu kuu inayofanya kazi ya kompyuta, na kulifikisha kwenye rejeta hiyo, na vibati vyembamba vilivyosimama karibu karibu, mafundi tunaviita mapezi, hulikabidhi kwa hewa inayopita. Nafasi kati ya pezi na pezi ni ndogo mno. Nywele na nyuzi zikifika hapo hukwama, vumbi likashika juu yake, na baada ya muda unapata blanketi la kijivu kati ya feni na mapezi. Ukichungulia kwa nje kupitia tundu la kutolea hewa, unaona mapezi yanang'aa na kudhani ni safi. Blanketi liko upande wa pili.

Sasa ukipuliza kutoka chini unalikandamiza zaidi. Ukipuliza kutoka pembeni huku mashine imefungwa, blanketi linang'oka kipande kizima, linaangukia kwenye feni, na feni inakwama. Ndiyo maana nasema fungua kwanza.

Na vumbi letu si la kawaida. Katika nyumba za mawe za Mkomani plasta ya chokaa hupukutika kila siku, unga wake ukaelea ndani ya vyumba. Kusi ikianza kuvuma, mchanga mwembamba wa Shela unaingia hata dirisha likiwa nusu wazi. Kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, punda wanapita tangu alfajiri, na kinyesi kikikauka na kukanyagwa kinakuwa unga. Ongeza manyoya ya paka, vipande vya makuti na unga wa mbao kwa walio karibu na wachonga milango. Kinachoharibu zaidi ni chumvi. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, chumvi ya bahari huvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka. Na hapa kwetu unyevu hupita kiwango hicho mara nyingi, hasa usiku. Kwa hiyo vumbi la Lamu halibaki kavu. Hulowa, hukauka, hulowa tena, mwisho linashikana. Ushauri wa watu wa bara, kwamba puliza mara mbili tatu kwa nje na umemaliza, kwetu hausaidii.

Kwanza hakikisha ni vumbi

Si kila laptopu yenye joto ina uchafu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kwenye Windows, utazame orodha ya programu zinazofanya kazi. Kama kuna moja inayokula prosesa asilimia 80 au 90 bila wewe kuituma, shida yako iko kwenye programu au virusi. Feni inapiga kelele kwa haki yake.

Dalili za vumbi ni hizi: kelele zipo hata mashine ikiwa haina kazi, hewa inayotoka pembeni ni ya moto lakini dhaifu, kompyuta inakuwa nzito ukifungua video, kisha inazima ghafla. Sakinisha programu ya bure ya kusoma joto, HWMonitor au Core Temp. Kwenye Linux amri ya "sensors" inatosha. Andika namba mbili: joto mashine ikitulia, na joto baada ya dakika kumi za kazi nzito. Katika joto la vyumba vyetu, 45 hadi 55 za Selsiasi ikitulia si neno. Kwenye kazi nzito 80 na kidogo bado ni kawaida kwa laptopu. Ikikaribia 100, prosesa nyingi hujipunguzia kasi zenyewe, na joto likizidi kupanda mashine hujizima ili isiungue. Zihifadhi namba hizo, utazilinganisha baadaye.

Tena uliza kama mashine yako ina feni kabisa! MacBook Air za kuanzia toleo la M1 la mwaka 2020 hazina feni. Chromebook nyingi pia hazina. Na kama laptopu ni mpya na bado ina waranti, soma masharti kabla ya kugusa skrubu.

Vifaa

Bisibisi ndogo za msalaba, namba PH0 na PH00. Baadhi ya mashine hutumia skrubu za nyota, T5 hasa, na MacBook zina skrubu za pembe tano ambazo bisibisi ya msalaba itaziharibu vichwa. Usinunue seti ya bei ya chee ambayo ncha zake ni laini. Ikiteleza mara moja, skrubu imeliwa kichwa, na kuitoa ni kazi ya nusu siku.

Brashi laini mpya, ile ndogo ya rangi au ya poda ya uso. Vijiti vya meno. Kibano. Pamba za masikio. Kadi ya zamani ya benki kwa kupenyeza kwenye ufa wa kifuniko. Tochi ya simu. Mpira wa kupulizia kwa mkono, wanaotumia wapiga picha kusafishia lenzi. Ule wa kunyonya kamasi za watoto wachanga nao unafaa ukiwa mpya na mkavu. Huo mpira naupenda kuliko kopo la hewa, lile la kubonyeza likapuliza vumbi, kwa sababu haubebi unyevu wala gesi. Kopo la hewa lina nguvu zaidi, lakini gesi iliyomo huweza kushika moto na haliruhusiwi kwenye ndege, kwa hiyo usimwagize mtu anayekuja kwa ndege ya Manda akuletee.

Spiriti iwe ni isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Chupa za spiriti za kusafishia vidonda mara nyingi zina maji mengi au vitu vingine ndani, soma lebo. Sanitaiza ya mikono ina glisarini, itaacha utando unaonata. Marashi usiyafikirie, niliwahi kuletewa mashine inayonukia vizuri kuliko bibi harusi, na mapezi yote yamegandana.

Kompresa ya gereji iache. Hutoa maji na mafuta pamoja na hewa, na nguvu yake inavunja mabawa ya feni. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani nayo iache, maana ncha yake ya plastiki huzalisha umeme tuli, ule wa msuguano, karibu na bodi, lile bamba lenye chipu za mashine.

Mahali na wakati

Fanya kazi asubuhi, ndani, meza ikiwa mbali na dirisha, feni ya dari imezimwa. Sio juu ya paa kwenye upepo, sio barazani ambako kila apitaye atasimama akuulize unafanya nini na mtoto wa jirani atashika skrubu. Tandika kikoi cheupe cha pamba juu ya meza. Skrubu ikianguka utaiona, na haitaviringika.

Hatua ya 1: Zima kabisa

Nakili kazi zako muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Kisha zima. Kwenye Windows shikilia Shift huku ukibofya neno la kuzima, kwa sababu kuzima kwa kawaida mara nyingine huiacha mashine nusu usingizini. Chomoa chaja, mausi, flashi, kila kitu. Iache ipoe robo saa.

Hatua ya 2: Fungua kifuniko

Kabla ya bisibisi, tafuta kwenye intaneti video ya kufungua modeli yako hasa; namba yake imeandikwa chini ya mashine. Usiridhike na "inafanana na hii". Modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana: moja inafunguka kwa chini, nyingine inataka kibodi itolewe kwanza, na kibodi ina utepe mwembamba wa waya unaokatika ukiivuta kwa pupa.

Chora umbo la laptopu kwenye karatasi, na kila skrubu unayoitoa ibandike kwa selotepu mahali pake kwenye mchoro. Hili watu hulipuuza na ndilo linaloleta hasara kubwa. Skrubu zinatofautiana urefu kwa milimita chache tu, na skrubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi hutoboa kifuniko cha juu au kugusa bodi. Angalia pia skrubu zilizofichwa chini ya vile vipira vya miguu, chini ya stika, na kwenye mashine za zamani ile inayoshikilia kiendeshi cha DVD. Baadhi ya skrubu hazitoki kabisa, zinalegea tu na kubaki kwenye kifuniko, hizo usizilazimishe.

Zikishatoka, penyeza kadi kwenye ufa na uizungushe polepole kandokando. Utasikia vishikizo vikiachia, tak, tak. Sehemu ikigoma, simama. Karibu kila mara kuna skrubu uliyoisahau.

Hatua ya 3: Tenga betri

Gusa chuma kisichopakwa rangi, kwa mfano bomba la maji la chuma, ili umeme tuli uliomo mwilini uondoke. Unyevu wetu hupunguza umeme huo lakini hauumalizi.

Betri ndiyo ile bapa nyeusi kubwa. Tafuta kiunganishi chake kwenye bodi na ukitoe kwa kushika plastiki, usivute waya. Kwenye ThinkPad nyingi kuna chaguo la kuizima betri ya ndani kupitia BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows; lifanye kabla ya kufungua, kisha bado uitenge kwa mkono. Ikishatengwa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili chaji iliyobaki kwenye bodi iishe.

Ukiona betri imevimba hata kidogo, kazi ya feni imekwisha kwa leo. Usiibonyeze, usiichokoe, usiifunike tena ukaendelea kuitumia. Iweke mbali na kitu kinachowaka na umwite fundi.

Hatua ya 4: Tazama

Piga picha kabla hujagusa chochote. Mulika tochi. Ukiona ukungu wa kijani au weupe kwenye shaba, hiyo ni chumvi imeshaanza kazi, na pengine imefika kwenye viunganishi vingine pia. Mende hupenda joto la prosesa. Mayai yao na taka zao huonekana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Viondoe kwa kibano.

Hatua ya 5: Toa feni, kisha blanketi

Feni huwa na skrubu mbili hadi nne na kiunganishi kidogo cha waya tatu au nne. Kichomoe kiunganishi kwa kukiinua taratibu kwa kijiti cha meno, kushoto kidogo, kulia kidogo. Mara nyingi kuna utepe wa plastiki au wa foili unaounganisha feni na rejeta. Ubandue bila kuurarua, kwa sababu ukikosekana hewa itavuja kabla ya kufika kwenye mapezi.

Kwenye mashine ambazo feni na rejeta ni kipande kimoja, usitoe kipande chote. Fungua kifuniko cha feni peke yake, skrubu ndogo mbili tatu, na ufanye kazi hapo hapo. Nitaeleza sababu kwenye hatua ya 7.

Blanketi sasa utaliona. Usilisukume! Lishike kwa kibano ukingoni na ulivute, mara nyingi linatoka zima. Hapo ndipo wateja huomba picha ya kuwatumia ndugu zao. Kisha weka kitambaa kikavu mahali feni ilipokuwa, na upulize mapezi kutoka tundu la nje kuelekea ndani, kinyume cha njia ya hewa. Mabaki yatadondokea kwenye kitambaa. Mulika upande mmoja, uchungulie upande wa pili: mwanga upite kati ya kila pezi.

Feni yenyewe iwe mkononi. Zuia mabawa kwa kijiti cha meno kabla ya kupuliza. Ukiacha feni izunguke kwa upepo wa nguvu, inapita mwendo iliyotengenezewa na beringi yake inaharibika. Tena ikizunguka ikiwa bado imeunganishwa kwenye bodi hugeuka jenereta ndogo na kurudisha umeme mahali usipotakiwa. Piga brashi bawa kwa bawa, pande zote mbili.

Kama unatumia kopo la hewa, lishike wima, umbali wa sentimita kumi hivi, upulize kwa mikupuo mifupi. Likiinamishwa hutema gesi ikiwa bado kimiminika, baridi kali kabisa.

Hatua ya 6: Chumvi iliyoshika

Baada ya brashi utagusa mabawa na kuona bado yananata. Hapa ndipo spiriti inapoingia. Chovya pamba ya masikio, ikamue ibaki na unyevu tu, na ufute bawa moja moja pamoja na kingo za mapezi. Badilisha pamba kila inapokuwa nyeusi. Usiidondoshee spiriti katikati ya feni kwenye mhimili, itayeyusha grisi iliyomo.

Na mafuta? Kila mwezi napata feni iliyotiwa mafuta ya nazi au ya cherehani ili "ilainike". Hutulia siku chache, kisha vumbi lote linaloingia linashika kwenye mafuta hayo, na feni inakuwa nzito kuliko mwanzo. Feni yenye beringi iliyokwisha inabadilishwa.

Acha kila kitu kikauke dakika kumi na tano. Spiriti hukauka upesi, lakini kwenye unyevu wa hapa sipendi kuharakisha.

Hatua ya 7: Pesti ya prosesa, kwa wenye sababu tu

Kati ya prosesa na shaba kuna pesti inayopitisha joto. Ukiinua rejeta, hata kidogo, muungano wa pesti umevunjika na ni lazima uweke mpya. Kwa hiyo kama huna pesti mkononi, usiinue. Kama mashine ina miaka mingi na joto halijawahi kushughulikiwa, basi fanya yote kwa pamoja.

Skrubu za rejeta mara nyingi zimeandikwa namba 1, 2, 3, 4. Zilegeze kwa kurudi nyuma, kuanzia namba kubwa, kila moja kidogo kidogo. Futa pesti ya zamani kwa spiriti hadi prosesa ing'ae. Kwenye laptopu prosesa iko wazi bila kofia ya chuma, na kona zake huvunjika. Usiparuze kwa bisibisi wala kisu. Tia pesti mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, shusha rejeta wima, ukaze kwa kufuata namba kuanzia 1. Vijipande laini vya mpira vilivyo juu ya chipu nyingine vikiwa vizima, viache mahali pake. Usivibadilishe kwa pesti, haitaziba nafasi ile.

Hatua ya 8: Rudisha na ujaribu

Rudisha feni, kiunganishi chake, utepe wake. Zungusha mabawa kwa kidole: yazunguke bila kugusa waya wowote. Unganisha betri, ya mwisho kabisa. Weka kifuniko na skrubu mbili tatu tu, washa, usikilize. Baadhi ya mashine hutoa onyo la feni kwenye skrini mara tu zinapowaka kama kiunganishi hakijakaa. Ukiliona, zima, tenga betri, urudi ndani.

Soma joto tena kwa kazi ile ile ya mwanzo. Kama blanketi lilikuwa nene utaona tofauti wazi, na feni itapungua kelele. Kama namba ni zile zile, rudi hatua ya 7. Ukiridhika, malizia skrubu zote.

Isijae upesi

Anayekaa ufukweni, dirisha wazi wakati wa kusi, asafishe kila miezi sita. Anayefanya kazi kwenye chumba cha kiyoyozi anaweza kungoja mwaka na zaidi. Usiitumie laptopu juu ya godoro, maana inanyonya hewa kwa chini na nyuzi za shuka zinaingia moja kwa moja. Ikizimwa na kupoa, ifunike kwa leso safi. Sisemi msifukize udi nyumbani, lakini chetezo kisiwekwe karibu na mashine inayofanya kazi. Moshi wa udi na ubani una utomvu, na vumbi huupenda.

Mnaovuka kutoka Mokowe kwa boti, izimeni kabisa na kuitia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi. Mkitoka kwenye kiyoyozi kikali kuingia kwenye joto la nje, msiiwashe papo hapo. Mashine baridi hutoa jasho kwenye hewa yetu, ndani kama ilivyo nje.

Ikibaki na kelele

Feni safi inayokwaruza au kutetema ni beringi. Usiagize kwa jina la laptopu peke yake. Soma lebo ya feni yenyewe: namba yake, volti, mara nyingi 5 lakini zipo za 12, hesabu ya waya, na upande feni inakotolea hewa, kwani modeli moja huweza kuwa na feni ya kushoto na ya kulia. Ipige picha lebo na kiunganishi, na umtumie muuzaji wa Mombasa au Nairobi kabla hujalipa. Ya zamani usiitupe hadi mpya imefungwa na kuzunguka, kwa sababu mpya nyingi huja bila skrubu na bila ule utepe wa kuzibia hewa.